Kazi ya Mto wa Chini

To.

Kimya. Halafu tena, to.

Inspekta alifumbua macho gizani akasikiliza. Tone lilikuwa likidondoka kutoka darini na kuangukia kwenye sufuria aliloliweka sakafuni kabla ya kulala. Hakuhitaji kuwasha taa. Sufuria tupu hupiga kelele. Likianza kujaa, sauti hunenepa, na mwishowe hunyamaza. Hili lilikuwa karibu kunyamaza. Alinyanyuka polepole asimwamshe mtoto, akamwaga maji dirishani, akalirudisha mahali pake.

To. Likaanza upya, kali kama mwanzo.

Simu ikatetemeka.

"Afande, samahani kwa kukukatisha usingizi," Sajenti alisema. "Kuna maiti kwenye kituo cha kompyuta. Ni mkuu wa kituo mwenyewe."

"Ameuawa?"

"Huku wanasema ajali. Mimi nasema njoo."

Inspekta alimnyonyesha mwanawe harakaharaka, akamkabidhi kwa mama mkwe, akatoka mvuani kukianza kupambazuka.

Maiti alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mlango wa chumba cha mashine, vidole vyake vikiwa kwenye upenyo wa chini. Mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, kiatu kimoja kimemvuka. Hakukuwa na damu ila kidogo kwenye kucha zilizovunjika. Nyuma yake yalisimama makabati marefu ya chuma, na ndani ya kila kabati kompyuta zimepangwa moja juu ya nyingine kama trei za mayai. Zote zilikuwa zimezimika.

"Amekosa hewa," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti. "Humu mna gesi ya kuzima moto. Ikimwagwa, umeme unakatika wenyewe na hewa inafukuzwa. Moto unakosa pumzi. Mtu naye vilevile. Kwa kukadiria, alikufa jana magharibi."

"Mbona hakutoka?"

"Hilo ni swali lako, afande, si langu."

Inspekta alichuchumaa. Mlango ule ulifunguka kwa kusukumwa nje. Upande wa nje, kwenye saruji, palikuwa na mkwaruzo mpya mweupe, na ndani ya mkwaruzo vibanzi vyembamba vya mti.

"Kabari," alisema. "Mtu aliuzuia mlango kwa kabari, akabonyeza kile kitufe chekundu cha gesi hapo ukutani, akangoja, kisha akaondoka na kabari yake."

Sajenti alipiga mbinja. "Basi ajali imekufa kabla ya kuzikwa."

Mlinzi, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye, ndiye aliyemkuta maiti.

"Hukusikia kengele ya gesi, mzee wangu?" Inspekta alimuuliza.

"Haikulia. Barafu alikuwa ameifungua nyaya aitengeneze. Mimi niliona taa nyekundu ya gesi alfajiri, nilipopita kufunga madirisha ya ukumbini."

"Barafu ni nani?"

"Fundi wa mitambo ya baridi na hiyo gesi. Jina lake lingine hata silikumbuki."

"Jana magharibi walikuwemo akina nani?"

"Wengine wote walishatoka. Alibaki Barafu na Shangazi. Barafu alitoka kwanza, amenuna. Mkuu naye alikuwa ameshaondoka, akarudi mbiombio. Mwisho akatoka Shangazi na mwavuli wake, nikadhani Mkuu amebaki na kazi zake. Akaniaga kama siku zote."

"Shangazi wa nani?"

"Wetu sote, afande. Ndiye mpangaji kazi."

Walimkuta Shangazi kwenye chumba cha chai. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi za pembeni, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alishawamiminia chai kabla hawajaketi. Mlango ukagonga ukuta kwa upepo nyuma yao. Ukagonga tena.

"Kazi yako ni nini hasa, Shangazi?"

"Kupanga foleni, mwanangu." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Kompyuta za hapa zimeshikana mikono na za miji mingine. Tunaita gridi. Kazi kubwa inakatwa vipande. Kipande hiki nakiweka hapa, kile nakipeleka kule penye mashine yenye nafasi. Na vingine havianzi mpaka vya mbele yake vimalize. Huwezi kukaanga kitunguu ambacho hujakimenya."

"Kazi za namna gani?"

"Nyingi. Kubwa ni utabiri wa mafuriko. Kwanza inapigwa hesabu ya mvua. Ikiisha, mto wa juu. Ukiisha, mto wa kati."

"Halafu?"

Shangazi alipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Halafu majibu yanakwenda ofisi ya maafa. Wao ndio wanaowaambia watu wahame."

"Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Tulimwita Bwana Asilimia. Wengine asubuhi huuliza umelalaje. Yeye aliuliza asilimia ngapi. Kazi ngapi zimemalizika ndani ya muda, basi. Kila mwezi alitaka mia."

"Alikuwa na adui?"

"Barafu alimfokea jana mbele ya watu. Lakini Barafu ni mdomo tu, mwanangu. Msimdhuru."

Mlango ukagonga ukuta kwa mara nyingine.

*

Kabla ya adhuhuri, Barafu alikuwa kwenye kiti cha mahojiano, mikono mikubwa imelala mezani kama glavu zilizosahauliwa.

"Ulimwambia marehemu, 'Siku moja utafia humo humo,'" Sajenti alianza.

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Nilimwomba tuzime mashine kidogo nitengeneze kengele vizuri. Akakataa. Eti kuzima kunashusha asilimia. Nikapandwa na hasira. Lakini hayo ni maneno, afande! Hata mke wangu namwambia chai yake itaniua, na kila siku nainywa."

"Alama zako za vidole zimejaa kwenye kitufe."

"Zisingekuwepo ndipo ningefukuzwa kazi. Mimi ndiye ninayekipangusa vumbi."

"Nyaya za kengele ulizifungua wewe."

"Nilizifungua kuzitengeneza. Nikaziacha hivyo kwa sababu Shangazi aliniambia niende nyumbani, mvua hiyo inakuja, nitamalizia kesho." Aliinamisha kichwa. "Mke wangu yuko miezi ya mwisho. Mtu ampelekee habari kwamba nipo. Akisikia mahabusu atajifungulia mlangoni."

Nje ya chumba, Sajenti alisugua viganja. "Hasira anazo, vidole anavyo, kengele aliikata. Samaki kaingia wavuni mwenyewe."

"Ndiyo maana nina shaka," Inspekta alisema. "Hebu turudi kule."

Mvua ilikuwa haijakatika. Mlinzi alikuwa ameketi kwenye kibanda chake, hakugusa hata redio.

"Mmemfunga Barafu," alisema bila salamu. "Mmekosea njia."

"Nioneshe njia, mzee."

"Sijui njia. Najua alitoka kabla Mkuu hajarudi, nimeshasema. Mimi nakaa na zile mashine kila usiku. Zinavuma, afande. Kazi ikiwa nyingi feni zinapiga kelele kama mbu elfu. Kazi ikipungua, zinashuka. Nikiwa hapa najua kama wamebanwa au wamepumzika."

Inspekta alilikumbuka sufuria lake. "Na jana?"

"Jana zilivuma mchana kutwa. Barafu alipotoka, zikaanza kushuka. Polepole, kama mtoto mchanga aliyeshiba. Nikasema moyoni, leo wamemaliza mapema. Mkuu aliporudi, hata nilisikia viatu vyake ukumbini. Siku nyingine huwezi."

"Kwa hiyo zilipumzika kwanza, ndipo yeye akaingia?"

"Kwanza kabisa. Halafu zikazimika kabisa, nikadhani umeme."

Mlango wa chumba cha chai uligonga ukuta ukumbini.

"Mlango ule huwa unagonga hivyo?"

"Hapana. Una kabari yake siku zote." Mlinzi alikunja uso. "Sijui leo imekwenda wapi."

Sajenti aliipata baada ya kupekua kidogo. Ilikuwa imenasa kwenye wavu wa mtaro, chini ya njia ambayo Shangazi huipita kwenda nyumbani. Ilikuwa kipande cha mti mgumu, na ncha yake ilikuwa imechubuliwa na saruji. Muuaji aliitegemea mvua iichukue, na mvua haikuichukua.

"Bado sielewi," Sajenti alisema, akiifunga kwenye mfuko wa ushahidi. "Mtu anataka kuua. Mashine zina haja gani ya kupumzika?"

"Tuulize kazi zake zilikwenda wapi."

Inspekta alipiga simu kwenye kituo cha mji wa jirani, kilichoshikana na hiki kwenye gridi. Kijana wa zamu alipokea, mdomo umejaa chakula.

"Ndiyo, afande, kazi zenu zote zilihamia kwetu jana jioni."

"Zote?"

"Zote, moja moja. Kila moja ilisimamishwa mahali salama, ikaletwa, ikaendelea pale pale ilipoishia. Hakuna mtu aliyepoteza hata hesabu moja. Zilikunjwa vizuri kama nguo za mtoto. Ndivyo tunavyofanya tukitaka kukizima chumba. Hakuna mpangaji wa maana anayezima mashine zenye kazi za watu ndani."

"Na hazikuanza kuja baada ya gesi?"

"Baada ya gesi? Gesi inakata umeme. Baada ya gesi kungekuwa na maiti za kazi tu." Akameza. "Ila kuna moja imetushangaza. Imo kwenye utabiri, na hatujawahi kuiona hapa kwetu. Hesabu ya mto wa chini. Ni nzito, hiyo! Inatutafuna tangu jana na bado haijaisha."

*

Shangazi alikuwa ofisini mwake mbele ya kioo cha kompyuta, peke yake, taa haijawashwa. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja wa kijani uliokuwa ukijaa polepole. Hakugeuka.

"Karibuni. Chai imekwisha leo."

Inspekta aliweka mfuko wa ushahidi mezani. Kabari ikagonga mbao. Shangazi aliitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyemtarajia.

"Barafu yuko mahabusu," Inspekta alisema.

"Nimesikia."

"Mke wake yuko miezi ya mwisho."

"Nimesikia, mwanangu. Linanichoma hilo. Nilikuwa nakuja kwenu. Nilikuwa nangoja kitu kimoja tu."

"Basi ungoje ukiwa kituoni. Sajenti, wapigie wale wa mji wa jirani. Kazi zote zilizotoka hapa zisimamishwe sasa hivi. Ni ushahidi."

"Usithubutu!"

Kiti kilianguka. Yule mwanamke mtulivu alikuwa amesimama, mikono yote miwili imekifunika kioo kana kwamba kuna mtu anakuja kukipiga jiwe. Sajenti alibaki na simu hewani.

"Usiisimamishe," Shangazi alisema, sasa kwa kunong'ona. "Nifungeni, ninyongeni, lakini hiyo iacheni. Mtoto wangu yuko bondeni."

Inspekta aliinua kiti, akakiweka sawa. "Kaa, mama. Sema yote. Ukisema, haitasimama."

Shangazi alikaa. Alivua miwani, akaishika mapajani.

"Mto una sehemu tatu. Ya juu, ya kati, ya chini. Ya chini ndiyo nzito, kwa sababu bonde ni pana na maji yanatapakaa ovyo. Kila kazi inatangaza muda wake. Ikiupita, inakatwa, mashine inapewa nyingine. Mto wa chini ulipitiliza kila mara. Ukamharibia Bwana Asilimia mia yake. Akauondoa kwenye foleni. Hakumwambia mtu. Utabiri ukawa unaishia mto wa kati, halafu kioo kinaandika, 'Umekamilika.'"

"Na ofisi ya maafa?"

"Wanaona umekamilika. Wakawahamisha wa juu, wakawahamisha wa kati. Kuhusu wa chini hakuna neno, na wao wakisikia kimya wanajua ni salama." Alivuta pumzi. "Mvua za mwaka jana, kaka yangu na mkewe walikuwa wamelala. Kaka alimwinua mtoto juu ya paa, maji yakamchukua yeye na mkewe. Binti alikutwa asubuhi ameshika bati. Mimi ndiye ninayemlea."

Sajenti alijikohoza. Alikuwa ameshusha simu.

"Ulijua lini?" Inspekta aliuliza.

"Baada ya mazishi. Nilitafuta kwenye foleni, sikuuona mto wa chini. Nikamuuliza. Akasema, 'Shangazi, tusifukue makaburi.' Neno hilo hilo alilitumia. Mimi nimetoka kuzika!"

"Hukushtaki?"

"Nilikwenda kwa wakubwa wake. Wakampigia simu kumuuliza, na yeye akawatumia mia yake. Wakaridhika." Alicheka bila sauti. "Nikarudi kazini. Mwaka mzima nilimchemshia chai. Namkorogea sukari huku namtazama koo linavyopanda na kushuka, nasema, kunywa, baba, kunywa, siku yako iko njiani. Watu wanasema kisasi ni moto. Changu kilikuwa kaa nililolifukia majivuni. Kila asubuhi napuliza kidogo tu, lisizime."

"Kwa nini jana?"

"Shule zimefungwa. Mtoto alililia kwenda kwa bibi yake, mama wa mama yake, bondeni. Nikamruhusu, mjinga mimi. Kisha mvua hii ikaja. Nikampigia bibi ahame. Akaniambia, 'Mwaka huu watu wametukimbiza kwa uvumi mpaka tumechoka. Nitahama wenye kazi yao wakisema.' Nikamwendea Bwana Asilimia, nikamwomba airudishe kazi ya mto wa chini. Nilipiga magoti, mwanangu. Akaniambia mwezi unakaribia kuisha, tusiharibu."

Mstari wa kijani ulisogea kidogo.

"Basi nikamwondoa Barafu, maana kengele ilikuwa imekatwa na sitaki damu yake. Nikairudisha kazi ya mto wa chini. Nikahamisha kila kitu kwenda kule, taratibu, pamoja na kazi za wanafunzi, hata ya yule anayenisumbua kila siku. Hawana kosa. Kisha nikampigia Mkuu simu, nikamwambia asilimia imeshuka, njoo uone. Akaja mbio kama bwana harusi. Alipoingia, nikasukuma kabari."

"Ukabonyeza."

"Hapana, bado. Akapiga mlango. Akasema, 'Shangazi, fungua!' Nikamwambia, 'Subiri, Mkuu, uko kwenye foleni.' Nikamtajia jina la kaka yangu. Nilitaka alisikie kabla ya kitu kingine." Alivaa miwani tena. "Akauliza, 'Huyo ni nani?' Hapo nikabonyeza, kwa mpini wa mwavuli."

Mvua ilipiga kioo cha dirisha. Inspekta aliuliza swali lililokuwa likimkera tangu alipoongea na yule kijana wa simu.

"Mama, ungeweza kuihamisha hiyo kazi tu. Yeye angejua mwisho wa mwezi. Ungemwacha hai na mtoto bado angepona."

"Ningeweza."

"Sasa?"

"Kuihamisha kulikuwa kwa ajili ya mtoto. Kabari ilikuwa ya kaka yangu." Alimtazama Inspekta machoni. "Usiniombe nijute, utanifanya niseme uongo. Ninalojutia ni Barafu kulala kwenu."

"Hatalala. Sajenti, mtoe. Mpeleke mwenyewe mpaka kwa mkewe."

"Na hii simu, afande? Nipige, nisipige?"

"Kwani nilikuambia upige?"

Sajenti alikuna kisogo, akatoka upesi. Inspekta alitoa pingu, akaziweka mezani karibu na kabari, akavuta kiti cha pili akaketi. Walikaa kama wanawake wawili wanaongoja mtihani wa mtoto mmoja, macho kwenye mstari wa kijani, maziwa yakimvimba Inspekta kifuani kwa sababu saa ya kunyonyesha ilikuwa imempita.

Mstari ukajaa. Kioo kikabadilika: ramani ya bonde, na juu yake rangi nyekundu ikatapakaa mpaka chini kabisa. Shangazi alibonyeza mara moja, majibu yakaenda ofisi ya maafa. Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele.

"Bado," Inspekta alisema. "Tungoje wawafikie."

Walingoja. Chai ya asubuhi ilikuwa imepoa kwenye kikombe cha Shangazi. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kufifia simu ya Shangazi ilipolia. Inspekta aliifungulia sauti, akailaza kati ya pingu na kabari. Upande wa pili kulikuwa na vishindo, mbuzi, mlango wa gari, kipaza sauti kikiita watu wapande juu, na sauti ya kikongwe ikigombana na mtu kuhusu godoro.

"Bibi yake, mko wapi?" Shangazi aliuliza. "Mmetoka?"

Simu ilikwaruza ikihama mikono. Halafu ikaja sauti ndogo, karibu sana, isiyo na haraka yoyote.

"Shangazi, safari hii wametuambia."